Ndege za Mizigo Vitani: Zinaweza Kuokoa Jeshi Lililozingirwa?

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, askari wa kikosi cha SADC kutoka Afrika Kusini, Malawi na Tanzania walijikuta wamebanwa kambini. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na barabara zinazotoka mjini zilikuwa zimeshikwa na waasi hao. Kule nyumbani watu wakaanza kuulizana: mbona ndege haziendi kuwachukua? Wenye uchungu walisema serikali zimewatelekeza vijana wao. Wengine waliamini kwamba nchi yenye ndege kubwa za kijeshi isingeshindwa. Miezi mitatu ikapita. Mwisho wa Aprili askari hao walianza kuondoka kwa malori, wakapitia Rwanda hadi Chato, Tanzania.

Swali lile lilikuwa la haki, na lina historia ndefu. Kwa zaidi ya miaka 80 majemadari wamebishana kuhusu jambo hili moja: jeshi lililokatiwa barabara linaweza kuishi kwa kulishwa kutoka angani, na hatimaye kuokolewa? Kuna waliojibu ndiyo wakashinda vita. Kuna waliojibu ndiyo wakaangamiza majeshi mazima. Ili kuelewa kilichowatenganisha, inafaa kuanza na ndege yenyewe na watu wanaoirusha.

Ndege isiyo na bunduki

Ndege ya mizigo ya kijeshi ni kubwa, haina kasi, na kwa kawaida haina silaha. Dakota, iliyotumiwa sana katika Vita vya Pili vya Dunia, ilibeba kama tani mbili na nusu hadi tatu. Ju 52 ya Wajerumani, yenye injini tatu, ilibeba karibu tani mbili. Siku hizi C-130 ya Marekani hubeba hadi tani 20 hivi, na Il-76 ya Kirusi hubeba zaidi ya mara mbili ya hizo.

Ndani ya Dakota walikaa rubani, msaidizi wake, mwongozaji njia na mwendeshaji wa redio. Nyuma, mlango ukiwa wazi, walisimama askari wa kusukuma mizigo nje. Kazi yao huwa haisimuliwi, nayo ilikuwa ya hatari kama ya rubani. Mzigo wote hautoki kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ndege ililazimika kuzunguka na kurudi juu ya eneo lile lile mara kadhaa, kwa mwendo wa pole na kimo cha chini. Adui aliyeikosa mara ya kwanza alijua itatokea wapi mara ya pili.

Hapa pana jambo linalowachanganya watu wengi. Wanauliza kwa nini ndege ya chakula na dawa ipigwe ilhali haina silaha. Kwa sheria za vita, ndege ya usafirishaji ya jeshi ni shabaha halali hata ikiwa imebeba unga mtupu, kwa kuwa unga huo ni wa kumwezesha askari kupigana. Inayolindwa ni ndege ya tiba, yenye alama yake na inayofanya kazi hiyo pekee. Marubani wa mizigo, basi, wako mstari wa mbele sawasawa na wenye bunduki, ila wao hawana cha kurudishia risasi.

Wanaosema inawezekana

Wanaoiamini ndege hutaja Burma kwanza, na wana haki. Machi 1944 Wajapani walivuka mto Chindwin, wakaikata barabara inayokwenda Imphal, kaskazini-mashariki mwa India. Watu wapatao 150,000 walibaki ndani ya bonde lile. Kwa desturi ya vita vya siku zile wangelazimika kurudi nyuma au kusalimu amri. Jenerali Slim, kamanda wa Jeshi la 14 la Uingereza, aliamua wakae wapigane, chakula na risasi vije kwa ndege. Mountbatten, mkuu wa majeshi ya washirika katika eneo hilo, alichukua ndege zilizokuwa zikipeleka shehena China kupitia juu ya milima ya Himalaya, akazielekeza Imphal. Marubani waliruka hadi mvua za monsuni zilipoanza, na hata zilipokolea hawakuacha. Barabara ilifunguliwa tarehe 22 Juni, na Wajapani, waliotegemea kuteka maghala ya Waingereza ili wale, wakarudi nyuma wakifa njaa na maradhi.

Kilichofuata kinatuhusu Waafrika Mashariki moja kwa moja. Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes, ilianza kuteremka bonde la Kabaw kuwafuatia Wajapani. Wengi wao walikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza: vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Bonde lile lilisifika kwa malaria, na mvua iliigeuza barabara kuwa tope ambalo malori hayakuweza kulipita. Wakaishi kwa mizigo ya angani. Mchele uliangushwa bila mwavuli, gunia ndani ya gunia kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka la nje lizuie punje zisimwagike. Risasi na dawa ziliteremshwa kwa miavuli, na hariri ilipoadimika Slim aliagiza miavuli ya juti, kitambaa kile kile cha magunia, iliyogharimu sehemu ndogo ya bei ya ile ya kawaida. Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni hiyo iliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Babu zetu wengi waliorudi kutoka Burma walikuwa hai kwa sababu kuna watu waliopita katikati ya mawingu ya dhoruba na radi kuwafikishia chakula.

Mfano wa pili unaotajwa ni Demyansk, Urusi. Februari 1942 Wajerumani wapatao 100,000 walizingirwa huko. Ndege ziliwalisha kwa wiki nyingi mpaka njia ya ardhini ikafunguliwa masika ya mwaka ule. Zaidi ya ndege 250 za usafirishaji zilipotea, lakini jeshi likapona.

Nguvu ya upande huu ni kwamba unasema kweli: imewahi kufanyika, tena kwa majeshi makubwa. Ndege humwondolea adui silaha yake kuu, yaani njaa. Pia huwatoa majeruhi, na askari anayejua kwamba akiumia atafikishwa hospitalini hupigana kwa moyo mwingine. Udhaifu wake ni kwamba wafuasi wake huhesabu tani zilizofika wakasahau kuuliza ni nini kiliziruhusu zifike. Imphal ilikuwa na viwanja ndani ya mzingiro, na viwili kati ya hivyo viliweza kutumika hata wakati wa mvua. Ndege za kivita za Wajapani zilikuwa chache wakati huo. Huko Demyansk, jeshi la anga la Kisovieti lilikuwa bado dhaifu. Milango ilikuwa wazi, ndipo ndege zikaingia.

Wanaosema ni tumaini la uongo

Jibu lao ni Stalingrad, na ni vigumu kulipinga.

Novemba 1942 Warusi walilizingira Jeshi la 6 la Ujerumani, zaidi ya watu 250,000. Göring, mkuu wa jeshi la anga, alimwahidi Hitler tani 500 kwa siku. Waliokuwa karibu na uwanja wa vita, akiwemo Richthofen aliyeongoza vikosi vya anga vya eneo lile, walisema wazi kwamba haiwezekani. Hesabu ilikuwa upande wao. Ju 52 ikibeba tani mbili, tani 500 ni safari 250 zinazotua kila siku, katika majira ya baridi ambayo mchana wake ni mfupi, injini zinaganda, na sehemu kubwa ya ndege iko gereji. Kilichofika kwa wastani kilikuwa kama tani 100 kwa siku, ndogo kuliko hata ahadi ya tani 500, ambayo nayo ilikuwa chini ya mahitaji halisi.

Halafu Warusi walifanya jambo la busara ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: walishambulia mahali ndege zinapotoka. Tarehe 24 Desemba vifaru vyao viliingia kwenye uwanja wa Tatsinskaya, mbali nyuma ya mstari wa mbele, wakaziharibu ndege nyingi zikiwa chini. Zilizosalia zikalazimika kuruka kutoka mbali zaidi, na kila kilomita iliyoongezeka ilipunguza safari za siku. Pitomnik, uwanja mkuu ndani ya mzingiro, ulitekwa katikati ya Januari, na Gumrak siku chache baadaye. Mwisho ulifika tarehe 2 Februari 1943. Wajerumani walipoteza karibu ndege 490 na wahudumu wa anga takriban 1,000.

Je, kwa nini watu wenye akili walikubali ahadi ile? Jibu ni Demyansk. Miezi michache kabla ilikuwa imewezekana, wakadhani itawezekana tena, kwa watu zaidi ya mara mbili na nusu, dhidi ya adui aliyekwisha kuimarika.

Miaka kama kumi baadaye Wafaransa walifuata njia ile ile. Mwaka 1952 walijenga ngome Na San, Vietnam, wakailisha kwa ndege, na ngome ikasimama. Wakarudia Dien Bien Phu, bonde lililozungukwa na milima, kiasi cha kilomita 300 kutoka Hanoi. Jenerali Giap, kamanda wa Viet Minh waliopigania uhuru wa Vietnam, hakuharakisha. Watu wake waliburuta mizinga kwa mikono hadi mlimani, wakaificha, wakaongeza na ya kutungulia ndege. Mashambulizi yalianza tarehe 13 Machi 1954, na kabla mwezi haujaisha njia ya kurukia ilikuwa haitumiki tena. Tangu hapo hakuna majeruhi aliyetoka.

Ikabaki miavuli. Mizinga ya Viet Minh iliwalazimisha marubani kupanda juu zaidi, na mwavuli unaotoka juu huchukuliwa na upepo. Kila siku eneo la Wafaransa lilizidi kufinywa, na sehemu ya mizigo, zikiwemo risasi za mizinga, ikawa inaangukia mikononi mwa adui. Ngome ilianguka tarehe 7 Mei. Siku moja kabla, Wamarekani wawili waliokuwa wakirusha moja ya ndege hizo kwa mkataba wa kiraia, James McGovern na Wallace Buford, walikufa ndege yao ilipopigwa.

Hoja ya upande huu ni kali zaidi ya kusema tu kwamba ndege hushindwa. Wanasema ahadi ya ndege ndiyo inayomfanya kamanda abaki mahali ambapo angepaswa kuondoka. Jeshi la 6 lilikuwa na nafasi ya kujaribu kujitoa katika siku za mwanzo, lakini likaambiwa likae, litalishwa. Mimi naiona hoja hii kuwa ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala huu. Hata hivyo haielezi Imphal. Pale pia ahadi ilitolewa, na ikatimizwa.

Marubani huchoka kabla ya ndege

Pande zote mbili hupenda kuhesabu ndege. Ni wachache wanaohesabu watu, na hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Njia ya Himalaya, kutoka Assam hadi Kunming, ni funzo zuri. Ilipeleka China karibu tani 650,000 na kupoteza zaidi ya ndege 500. Nyingi hazikutunguliwa, zilimalizwa na barafu, dhoruba, milima na uchovu. Kanuni ya awali ilimruhusu rubani kurudi nyumbani akitimiza saa 650 za kuruka. Ilitungwa kwa huruma, lakini matokeo yake ni kwamba vijana walirundika saa kadiri walivyoweza ili waondoke mapema, wakawa wanaruka wakiwa wamechoka kupita kiasi. Jenerali Tunner wa Marekani alipochukua uongozi Septemba 1944 alipandisha kiwango hadi saa 750 na kuongeza sharti la kukaa mwaka mmoja. Marubani hawakumpenda kwa hilo. Pia aliyapanga matengenezo ya ndege kwa hatua, kila kundi la mafundi likiwa na kazi yake. Shehena ya mwezi ilipanda kutoka karibu tani 23,000 Agosti 1944 hadi karibu tani 71,000 Julai 1945, huku ajali zikipungua. Alipopewa kuilisha Berlin Magharibi, iliyofungiwa barabara na Wasovieti mwaka 1948, alitumia mbinu zile zile, na zaidi ya tani milioni mbili zikafika. Lakini Berlin haipaswi kutumiwa kama ushahidi wa vitani, maana hakuna aliyezitungua ndege zile.

Ujerumani ilifanya kinyume. Ili kupata ndege za Stalingrad ilichukua zile za shule za urubani, pamoja na walimu wake. Walimu hao walipokufa theluji­ni, kilichopotea hakikuwa shehena ya siku ile tu; ni marubani wote ambao wangewafundisha. Ndege moja kiwanda huitoa upya kwa wiki kadhaa. Rubani anayeweza kutua usiku, katika ukungu, uwanja ukipigwa mizinga, huchukua miaka kupatikana.

Ushujaa nao una mipaka yake, na kisa cha David Lord kinaonyesha hivyo kwa uchungu. Tarehe 19 Septemba 1944 Dakota yake ilipigwa ikiwa njiani kuwapelekea mizigo askari wa miavuli wa Uingereza waliozingirwa Arnhem, Uholanzi. Injini ya kulia ikashika moto. Akapita juu ya eneo, mizigo ikashushwa. Alipoambiwa makontena mawili yamebaki, akageuka na kupita tena moto ukiwaka. Bawa likakatika. Kati ya watu wanane waliokuwemo alinusurika mmoja, mwongozaji njia. Lord alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Eneo lile la kushushia mizigo, ambalo yeye hakuambiwa, lilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Watu saba walitoa maisha yao kwa sababu redio za chini hazikufikisha taarifa, na hakuna ustadi wa rubani ungeweza kuziba pengo hilo.

Teknolojia imebadili hesabu?

Upande wa tatu katika mjadala unasema mifano hii imepitwa na wakati. Kuna ukweli ndani yake. Khe Sanh, Vietnam, mwaka 1968, Wamarekani kama 6,000 walizingirwa, na C-130 moja ilipoungua uwanjani Februari, kutua kwa ndege hizo kukasimamishwa. Wakatumia njia nyingine: ndege inapita karibu sana na ardhi bila kugusa, mwavuli unauvuta mzigo nje kwa mlango wa nyuma. Ngome ikashikilia. Leo kuna miavuli inayojiongoza kwa setilaiti, inayoweza kuachiwa kutoka juu sana na kutua karibu na shabaha.

Lakini silaha za kupinga ndege nazo zimekua, tena zimekuwa rahisi kupatikana. Kombora la kubebwa begani limewapa wapiganaji wa msituni uwezo ambao Giap alilazimika kuuburuta mlimani. Juni 2014 Il-76 ya Ukraine ilitunguliwa ikikaribia kutua Luhansk, na watu 49 waliokuwemo wote wakafa. Hasara hiyo inaonyesha gharama ya ukubwa: ndege kubwa hupunguza safari, lakini ikianguka moja huanguka na kikosi kizima. Februari 2022 Warusi waliteremsha askari kwa helikopta kwenye uwanja wa Hostomel, karibu na Kyiv, ili ndege kubwa zifuate. Waukraine waliupiga uwanja kwa mizinga, na ndege hazikutua. Huko El Fasher, Darfur, jeshi la Sudan lililozingirwa lilishushiwa mahitaji kwa miavuli. Oktoba 2024 Il-76 moja ikatunguliwa Darfur, na mwaka mmoja baadaye mji ukaanguka.

Kupima

Ukiziweka kesi hizi pamoja, utaona kwamba idadi ya ndege haitoshi kueleza nani alipona. Mwenye anga ana nafasi, na asiyekuwa nayo atalipa kwa marubani wake. Uwanja wa kutua una thamani kuliko miavuli yote, kwani mwavuli haumtoi majeruhi. Kundi dogo hulishwa kwa urahisi kuliko kubwa. Haya yote ni kweli, lakini kwa maoni yangu yapo chini ya jambo moja kubwa zaidi.

Karibu kila mzingiro hapa uliovunjika ulivunjwa kutoka ardhini. Imphal ilifunguliwa na askari waliopigana njiani kutoka Kohima. Demyansk ilifunguliwa na Wajerumani waliotoka magharibi. Khe Sanh ilifikiwa kwa barabara Aprili 1968. Huko Stalingrad jeshi la Manstein, lililotumwa kulikomboa Jeshi la 6, lilikwama kiasi cha kilomita 50 kutoka kwa waliozingirwa, na baada ya hapo kila gunia lililofika lilirefusha mateso tu. Dien Bien Phu, kikosi cha kutoka Laos kilikuwa kidogo na kilichelewa. El Fasher hakufika mtu. Hata Berlin, kilichoondoa kizuizi ni makubaliano. Ndege hununua muda, na kwa muda huo wanalipa marubani na wasukuma mizigo. Kamanda asiyejua atautumia vipi anawaua bure.

Kwa kipimo hicho, Goma ya 2025 haikuwa kesi ya ndege. Uwanja uko ndani ya mji, karibu na milima, na mji wote ulikuwa mikononi mwa waasi. Tangu Februari 2023, helikopta ya Umoja wa Mataifa ilipopigwa risasi katika eneo lile na mhudumu mmoja wa Afrika Kusini akafariki, ilijulikana kwamba anga ile si salama. Kutuma C-130 kutua kwa nguvu kungeongeza idadi ya vifo bila kumtoa hata mmoja. Barabara ya kupitia Rwanda ilifunguliwa kwa mazungumzo, nayo ikawatoa.

Lawama kwamba ndege hazikwenda ilikosea mlango. Inawahusu waliowapeleka askari mahali penye uwanja mmoja na barabara zinazozibika, bila mpango wa kuwatoa. Wabunge wa nchi zetu wanapoombwa kuidhinisha kikosi kingine, waulize kabla ya kupiga kura: uwanja ukifungwa, askari hawa watarudi kwa barabara gani, na nani atakuwa ameishika?